Nani Aligusa Saa ya Marehemu?

Desemba ikifika, mabasi ya kwenda Kitui, Mwingi na Wote hujaa watu wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa. Ndio msimu wa kufungua masanduku. Nguo za zamani huanikwa, hati za shamba hukaguliwa, na kutoka kwenye kona ya droo au ndani ya kopo la majani ya chai hutolewa saa ya mkono ya baba, ya babu au ya mama aliyefariki. Haijavaliwa kwa miaka mingi. Iliwekwa ikiwa nzima. Sasa kioo kina nyufa nyembamba, au uso una doa la kahawia, au mfuniko wa nyuma umechimbika vidoadoa, na hakuna nyumbani anayekubali kwamba ameigusa.

Hapo ndipo washukiwa huanza kuhesabiwa. Kuna mtoto wa darasa la nne asiyeweza kuona kitu bila kukishika. Kuna msichana wa kazi, kuna shemeji aliyelala chumba hicho wakati wa matanga, kuna fundi aliyebadilisha betri mwaka juzi. Zamani katika Ukambani, ugomvi mkubwa wa mali ulipelekwa kwa wazee wa nzama, na ushahidi ukigongana watu wangeweza kuapishwa kwa kithitu, kiapo kilichoogopwa hata na waliojua hawana hatia. Leo hakuna atakayefika huko kwa ajili ya saa ya mkono, ila shaka hufanya kazi yake vilevile: mtu haambiwi lolote, lakini mwaka unaofuata haalikwi.

Kumbe mara nyingi ushahidi umo kwenye saa yenyewe. Kila aina ya dhara huacha alama yake, na alama hizo zinasomeka kwa jicho la kawaida pamoja na lenzi ya bei ndogo. Anayezisoma kwa makini hugundua kwamba mhalifu mara chache ni mtu wa nyumbani. Kwa Kitui na Makueni, mshukiwa wa kwanza yuko mtoni.

Punje moja inatosha

Miamba iliyo chini ya kaunti hizi mbili ni ya kale sana. Ni sehemu ya mawe yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini, ambayo wanajiolojia huyaweka katika Ukanda wa Msumbiji. Mawe hayo yana feldspa na kwatzi kwa wingi. Yanapomomonyoka, feldspa huoza polepole ikawa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi haiozi. Hubaki punje ngumu zinazosombwa na mafuriko hadi kwenye mito ya msimu kama Tiva, Thua na Kaiti. Mchanga huo ni hazina, kwa kuwa huficha maji hata mto unapoonekana mkavu. Ndiyo sababu eneo hili linajulikana duniani kwa mabwawa ya mchanga, na ndiyo sababu Makueni ilijitungia sheria yake ya kusimamia uchotaji wa mchanga mwaka 2015.

Kwa kioo cha saa, hazina hiyo ni msasa. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, akionyesha lipi linaweza kulikwaruza lipi. Kwatzi iko kwenye 7. Kioo cha plastiki cha saa za zamani kiko karibu na 3. Kioo cha kawaida cha saa nyingi za sasa kiko kati ya 5 na 6, na chuma kisichoshika kutu hakiko mbali na hapo. Kioo cha yakuti iliyotengenezwa kiwandani, chenye ugumu wa 9, ndicho pekee kati ya hivyo kinachoweza kudharau vumbi la Ukambani, nacho hupatikana zaidi kwenye saa za bei kubwa.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anapura ndengu, anachimba matuta ya fanya juu, au amesafiri na dirisha la matatu likiwa wazi. Anaitazama saa, anaona vumbi, anaifuta kwa mkono wa shati. Punje moja iliyonaswa kwenye kitambaa huchora mstari kila inapopita. Alama za namna hii ni mistari mingi, myembamba, inayoelekea upande mmoja. Aliyezichora huenda ni yule aliyetaka kuing'arisha saa ya marehemu ili ipendeze kwenye picha ya familia. Ilimpasa kwanza aipulizie au aipanguse vumbi kwa brashi laini, ndipo aifute kwa kitambaa safi.

Mkwaruzo mmoja mrefu, wenye kina, ulio karibu na mahali mkanda unaposhika, una hadithi tofauti. Huo ni ncha ya kisu au bisibisi iliyoteleza mtu alipokuwa akibadilisha mkanda bila kifaa chake.

Jambo la ajabu ni kwamba madini yaleyale yanayokiharibu kioo ndiyo yanayoipa mwendo saa ya betri. Neno Quartz lililoandikwa kwenye uso wa saa nyingi linataja kipande kidogo cha kwatzi, kilichokuzwa kiwandani, ambacho hutetema mara 32,768 kwa sekunde kinapopata umeme. Kampuni ya Seiko iliuza saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969.

Nyufa zisizo na pigo

Kioo kilichogongwa hueleza palipogongwa. Nyufa huanzia mahali pamoja zikatawanyika, na kwa lenzi utaona kishimo au chembe iliyomeguka. Lakini kuna nyufa za aina nyingine kwenye vioo vya plastiki: nyingi, fupi, laini, zinazotokea pembeni ambako plastiki imebanwa ili ikae kwenye bodi. Hazina kitovu. Kuzitafutia aliyeiangusha saa ni kupoteza muda, kwa sababu mara nyingi zimetokana na kemikali.

Alkoholi huipenya plastiki ya akriliki na kuifanya ipasuke mahali ilipo na mkazo. Mwaka 2020, Covid-19 ilipoingia Kenya, sanitaiza ilimiminwa mikononi kwenye milango ya makanisa, benki na matatu. Watu wengi waliosha mikono wakiwa na saa, na wengine waliifuta saa yenyewe kwa sanitaiza ili iwe salama. Manukato yenye alkoholi yana madhara kama hayo. Dawa za kujipaka za kufukuza mbu zenye kemikali ya DEET nazo hushambulia plastiki za aina nyingi. Kwa kuwa nyufa huanza ndogo mno, mtu anaweza kuziona saa ikiwa imeshawekwa, akasahau kabisa siku aliyoipaka. Habari njema ni kwamba kioo cha akriliki ni miongoni mwa sehemu rahisi kubadilisha kwenye saa ya zamani.

Doa lenye umbo la mshale

Familia nyingi za Ukambani zina mzee aliyewahi kuvaa sare. Wakamba walikuwa wengi katika kikosi cha King's African Rifles, na askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma mwaka 1944 chini ya Divisheni ya 11. Wengine walifanya kazi polisi, au kwenye reli inayopita Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi. Saa ya kizazi hicho inaweza kuwa na doa la kushangaza kuliko yote: rangi ya kahawia kwenye uso wake, yenye umbo kamili la mishale.

Hakuna aliyemwaga chai. Saa nyingi za kijeshi za wakati huo, na hata za kiraia, zilipakwa rangi inayong'aa gizani iliyochanganywa na radiamu, elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua kufikia nusu. Kinachochoka mapema ni unga wa zinki salfaidi uliokuwa ukitoa mwanga. Kwa hiyo saa haing'ai tena, lakini mnururisho haujakoma. Mishale ikikaa mahali pamoja kwa miaka, mnururisho huo huichoma rangi ya uso iliyo chini yake, na doa likabaki likionyesha saa na dakika ambapo mashine ilisimama droo ikiwa imefungwa.

Saa kama hiyo isifunguliwe nyumbani, wala rangi yake isikwanguliwe kwa kucha. Ikiwa imefungwa vizuri, hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa ni unga wake kuvutwa puani au kuingia mdomoni. Wanawake waliopaka rangi hiyo viwandani Marekani katika miaka ya 1910 na 1920 walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo, na wengi waliugua mifupa na taya wakafa. Radiamu iliachwa polepole, ikafuatwa na tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12 hivi. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wanatumia rangi isiyo na mnururisho kabisa.

Doa la maji ni tofauti. Hilo huanzia pembeni, mara nyingi upande wa kile kidude cha kurekebishia saa, kwa sababu hapo ndipo maji hupenya. Maandishi ya kustahimili maji hadi mita 30 huwadanganya wengi. Kipimo hicho hufanywa saa ikiwa mpya na imetulia. Hakina maana ya kuogelea, na hakihesabu mpira wa ndani uliokauka kwa miaka 20. Mtu aliyetoka juani Kibwezi na saa yenye joto, akaizamisha kwenye ndoo ya maji baridi, huipoza hewa iliyo ndani ghafla. Hewa hiyo husinyaa na kuvuta unyevu kupitia upenyo mdogo. Ukungu unaoonekana chini ya kioo jioni ndio mwanzo wa doa litakaloonekana mwaka ujao.

Namba za siri na chumvi ya jasho

Mtu akifungua mfuniko wa nyuma, anaweza kukuta namba au herufi ndogo zimechorwa kwa ncha kali upande wa ndani. Wengi hudhani ni uharibifu au dalili kwamba saa ilibadilishwa. Huenda ni kinyume chake. Ni desturi ya zamani ya mafundi wa saa katika nchi nyingi kuandika humo tarehe ya ukarabati au alama yao, ili wakiletewa tena waitambue kazi yao. Namba hizo ni historia ya matibabu ya saa. Zisifutwe.

Vishimo vidogo upande wa nje, unaogusa mkono, vina chanzo kingine. Jasho lina chumvi. Likinaswa kati ya ngozi na chuma, au kwenye upenyo wa mfuniko usiopitisha hewa, chumvi huishambulia hata metali inayoitwa isiyoshika kutu. Saa zilizopakwa rangi ya dhahabu juu ya shaba nyeupe au shaba ya njano huonyesha dalili mapema zaidi: dhahabu hulika kwenye kona, na chini yake huota ukoko wa kijani. Kazi hiyo huendelea saa ikiwa kwenye droo, kwa sababu iliwekwa bila kusafishwa, na jasho la mwenyewe likawekwa pamoja nayo.

Mkanda nao hujimaliza. Mikanda ya plastiki laini ya saa za kidijitali hufyonza unyevu wa hewa na kuvunjika muundo wake taratibu. Siku inapovaliwa tena, inasagika vidoleni. Mkanda wa ngozi huota ukungu, na panya wala mende hawaulizi ulikuwa wa nani.

Ilisimama yenyewe, au inakimbia

Saa ya kutia ufunguo inaweza kuwekwa ikiwa nzima na kutolewa ikiwa imekwama bila kuguswa. Mafuta yanayolainisha ekseli zake hukauka. Watengenezaji wengi hushauri saa ifanyiwe sevisi kila baada ya miaka michache, na kuilazimisha saa kavu itembee ni kuisaga. Saa ya betri ina adui mwingine: betri iliyokwisha na kuachwa ndani huvuja. Maji yake makali hula waya na njia za umeme, yakaacha unga mweupe au wa kijani.

Saa ya mashine inayokimbia dakika nyingi kwa siku huenda imeingiwa na sumaku. Ndani yake mna kamani nyembamba sana iliyojikunja, inayoongoza gurudumu la mizani. Ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, ikafanya kazi kana kwamba ni fupi, na mwendo ukaongezeka. Spika ya redio, kifuniko cha simu chenye sumaku au kifungo cha mkoba vinatosha. Kipimo chake ni dira: isogeze saa karibu, na sindano ikiyumba kwa nguvu, sababu imepatikana. Fundi mwenye mashine ya kuondoa sumaku humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache.

Kuanguka nako kunaweza kuacha dhara lisiloonekana. Ncha za ekseli ya gurudumu la mizani zina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ndiyo maana tangu miaka ya 1930 saa nyingi zilianza kuwekewa vikingio vya mshtuko kama kile cha Incabloc. Kabla ya hapo hata vyombo vya gharama kubwa havikupona. Mwaka 1867, katika safari yake ya mwisho Afrika, David Livingstone aliandika kwamba mchukuzi wa saa zake za kupimia aliteleza akaanguka nazo. Hazikusimama. Zilibadilika mwendo tu, na vipimo vyake vya longitudo vikapotoka. Saa inayotembea si ushahidi kwamba haijaumia.

Mkono wa mtu ukionekana

Kuna dalili ambazo kwa kweli huelekeza kwa binadamu. Vichwa vya skrubu vilivyochakaa, alama ya kidole kwenye uso chini ya kioo, mishale isiyokutana sawasawa kwenye 12, na mikwaruzo kuzunguka pengo la kufungulia mfuniko huonyesha kwamba saa ilifunguliwa kwa haraka au kwa kifaa kisichofaa. Tarehe inayobadilika adhuhuri haimo kwenye orodha hiyo moja kwa moja: mara nyingi saa imetegwa nyuma au mbele kwa saa 12, na kuzungusha mishale hadi ule wa saa ukamilishe mzunguko mmoja kunatosha.

Katika miji mingi midogo, anayetengeneza saa hutengeneza pia simu, na pengine huchonga funguo. Wapo walio hodari. Wakamba walisifika tangu zamani kwa mikufu myembamba ya waya iliyosukwa kwa mkono, na wengi wa mafundi wa leo hawajapungukiwa na wepesi wa vidole. Wanachokosa ni vipuri asili na vifaa vya saa. Anayekabidhi saa ya thamani ya moyoni afanye mambo matatu kabla ya kuondoka. Aipige picha mbele, nyuma na pembeni. Aandike namba iliyo nyuma. Kwenye saa nyingi za Seiko tarakimu ya kwanza ya namba hiyo huonyesha tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa na alama ya pili huonyesha mwezi, kwa hiyo mfuniko uliobadilishwa hujulikana. Kisha aombe risiti inayotaja kasoro alizokuja nazo, na aagize arudishiwe kila kipande kitakachotolewa.

Ikitokea saa imeharibiwa mikononi mwa aliyelipwa kuitengeneza, sheria ipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa na ya kufidiwa hasara. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inaongeza nguvu hapo. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai yasiyozidi Sh1,000,000, yaamuliwe ndani ya siku 60. Tatizo ni kwamba mahakama kwa kawaida hupima bei ya sokoni. Seiko ya babu iliyonunuliwa miaka ya 1970 itathaminiwa kama Seiko yoyote ya miaka ya 1970. Picha na risiti ndizo zinazomwokoa mdai, si machozi.

Kutengeneza au kuacha

Si kila dhara linastahili kuondolewa. Kusugua bodi hadi ing'ae ni kuondoa chuma, na pamoja nacho huenda kona, herufi zilizochongwa na alama za mkono ulioivaa. Uso ukipakwa rangi upya haurudi kuwa ule wa kwanza. Katika jumba la makumbusho la Hiroshima huonyeshwa saa zilizosimama saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, na hakuna aliyefikiria kuzitengeneza. Familia inaweza kuamua vivyo hivyo kuhusu kioo kilichopasuka siku ya ajali, huku ikiruhusu mashine iliyo ndani isafishwe na kutiwa mafuta.

Kasoro mbili hazingoji mkutano wa familia. Ya kwanza ni betri iliyokwisha: itolewe siku hiyohiyo na fundi, hata kama hakuna mpango wa kuivaa saa, kwa sababu kila mwezi unaopita huongeza uwezekano wa kuvuja. Ya pili ni ukungu chini ya kioo. Saa yenye unyevu ifikishwe kwa fundi mapema ifunguliwe na kukaushwa, kwani kutu huanza kwenye skrubu ndogo muda mfupi tu baada ya maji kuingia. Isianikwe juani, isiwekwe juu ya jiko, na isifukiwe kwenye mchele, ambao huongeza unga na vumbi mahali ambapo hata punje moja ni nyingi. Mikwaruzo, madoa na mkanda uliosagika vinaweza kusubiri hadi pesa ipatikane na ndugu wakubaliane ni nani atakayeivaa.